Picha Pana ya Bustani ya Wananchi

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya vijana wa vikundi vya picha, akina mama wa vitalu vya miche na wapiga picha wa mitaani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Tumeombwa tuongee juu ya kupiga picha za maua katika bustani za umma, na si picha ya ua moja, bali picha pana, ile ya kuzungusha kamera mpaka bustani nzima iingie. Wengi wenu mnaiita panorama. Tunajua kuna mtu ameketi hapo nyuma anajiuliza: hawa watu wa maendeleo wana haja gani na picha za maua, na huku mitaani hakuna maji? Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Lakini acheni tuanze na kazi yenyewe, maana faida ya kitu haimsaidii mtu asiyejua kukifanya.

Neno panorama ni la zamani kuliko kamera. Lilianza na mchoraji mmoja mzaliwa wa Ireland, Robert Barker, ambaye mwaka 1787 alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake: mchoro wa mji wa Edinburgh uliozunguka duara zima, kama mtu aliyesimama kilimani akigeuka polepole. Baadaye akajenga nyumba ya duara mjini London, watu wakawa wanalipa kuingia na kusimama katikati. Kamera zilipokuja zikafuata njia hiyo hiyo. Huko Marekani, mwaka 1904, ilisajiliwa kamera iitwayo Cirkut. Hiyo ilizunguka yote juu ya stendi yake, na filamu ikawa inapita nyuma ya mwanya mwembamba. Kwa hivyo picha haikupigwa mara moja. Ilipigwa kidogo kidogo, kama mtu anayefagia uwanja. Vijana watundu wa shule waligundua kwamba ukisimama mwanzo wa mstari, kisha ukakimbia nyuma ya wenzako kwa kasi kuliko kamera, utatokea mara mbili katika picha moja, kushoto na kulia!

Tunasema habari hizi kwa sababu simu yako inafanya kazi ile ile. Tangu mwaka 2011 na 2012 simu nyingi zimekuwa na sehemu ya panorama. Ukiisogeza, inachukua vipande vyembamba vya picha na kuvishona pamoja. Ukielewa kwamba ni kazi ya kushona, utaelewa kila kitu kinachoharibika ndani yake.

(Tukipita tu: wazee mnakumbuka zile kamera za miaka ya 1990 zilizokuwa na kitufe cha panorama? Zile zilikuwa zinafunika filamu juu na chini, basi. Picha haikuwa pana hata kidogo, ilikuwa imekatwa tu, na studio nyingine zikatoza bei ya juu kuisafisha.)

Haya, sasa tufanye jaribio. Kila mmoja anyooshe kidole gumba mbele ya uso wake. Funga jicho moja. Linganisha kidole na nguzo ile ya dirisha. Sasa geuza kichwa polepole, kushoto, kulia, kidole kisisogee. Mnaona? Kidole kinahama. Mara kiko upande huu wa nguzo, mara upande ule, na wala hakijaguswa. Ni kwa sababu jicho liko mbele ya shingo, na shingo ikizunguka, jicho linasafiri. Kilicho karibu huonekana kuhama sana, kilicho mbali hakihami.

Hiyo ndiyo adui mkubwa wa picha pana ya maua. Ukipiga picha ya milima kutoka ng'ambo ya bonde hutaisikia, kwa sababu kila kitu kiko mbali. Lakini tuta la maua liko hapa miguuni, na miti iko kule nyuma. Mtu akinyoosha mikono yote miwili na kujizungusha kiunoni, lenzi yake inasafiri kama mtoto aliye kwenye bembea. Vipande haviwezi kushonana. Utaona shina la kana limekatwa katikati, nusu hapa nusu pale, na ukingo wa tuta umekuwa kama ngazi. Watu husema simu ni mbovu, kumbe ni mikono.

Dawa yake ni rahisi. Weka viwiko mbavuni, lete simu karibu na kifua, halafu zungusha miguu yako kuizunguka simu, hatua ndogo ndogo. Lenzi ikae mahali pamoja kama msumari, wewe ndiwe uzunguke. Kama una stendi ya miguu mitatu, lenzi ikae juu ya mhimili wa stendi, isiwe mbele yake. Na usiwe karibu mno na ua la kwanza. Rudi nyuma hatua tatu nne. Maua yakionekana madogo, shika simu wima badala ya kuilaza. Hapo unapata majani ya chini na anga ya juu, na ukipenda kupunguza, utapunguza baadaye nyumbani. Kwa wenye kamera za kawaida mnaopiga picha moja moja ili ziunganishwe kwa programu ya kompyuta, kila picha ichukue theluthi moja ya ile iliyotangulia.

Kuna jambo jingine linalowashangaza watu. Umesimama mbele ya tuta refu lililonyooka kama rula, umepiga vizuri kabisa, lakini kwenye picha tuta limevimba katikati kama nyoka aliyemeza yai. Si kosa. Katikati ya tuta iko karibu nawe kwa hivyo ni kubwa, na ncha zake ziko mbali kwa hivyo ni ndogo. Picha inasema kweli yake. Ukitaka mstari ubaki mstari, panda mahali pa juu, au rudi nyuma sana. Lakini ukipata bustani ya mviringo, simama katikati, na maua yatakuzunguka yote kwa ukubwa mmoja. Wenye kupanda maua mko hapa: mkitengeneza bustani ya umma, acheni nafasi ya mtu kusimama katikati. Wapiga picha watawabariki.

Wale wa picha za arusi sikieni hili, maana hapa pana pesa. Kila Jumamosi maarusi wanakwenda bustanini. Ukiwapanga watu thelathini katika mstari ulionyooka na kuwapiga picha pana, bibi arusi atakuwa jitu na wakwe watakuwa watoto. Wapangeni kama mwezi mchanga, nusu duara, kila mtu awe mbali na kamera sawa na mwenzake. Kwenye picha watanyooka wenyewe. Wapiga picha wa ile Cirkut walipima nusu duara hiyo kwa kamba. Kamba tu. Mtu mmoja anashika ncha penye stendi, mwingine anatembea nayo na kuchora mahali pa kusimama. Tunasema hivi kwa sababu tumewaona ndugu zetu waliokuwa wakiishi kwa kupiga picha za wageni bustanini, miaka ile mtu wa kutoka ushago hakurudi nyumbani bila picha ya mjini. Simu zimewanyang'anya kazi hiyo. Mteja hatakulipa kwa picha anayoweza kuipiga mwenyewe. Atakulipa kwa picha ya ukoo wote na maua yote, iliyochapishwa kwa upana wa ukuta wa sebule.

Juu ya mwanga tutasema kwa ufupi. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua la saa sita linatoka utosini. Maua mekundu, kana na waridi hasa, hugeuka doa tupu jekundu, huoni tena mkunjo wa petali. Pigeni saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi jioni. Asubuhi ni bora, kwa sababu mara nyingi upepo haujaamka, na ua likitikisika kati ya kipande na kipande halishonani. Tena, kabla ya kuzungusha, elekeza simu mahali penye mwanga wa kadiri na ufunge kipimo cha mwanga hapo, ukiweza upunguze kidogo. Usipofunga, anga itakuwa nyeupe upande mmoja na ya kijivu upande mwingine.

Tuliokuwa na kamera za filamu tunajua taabu hiyo. Enzi hizo picha pana ilikuwa ni picha saba nane zilizogundishwa juu ya ubao. Tulizipiga kwa makini, tukazipeleka studio, na zikarudi kila moja na rangi yake: hii ya manjano, hii ya buluu, nyasi za aina nne katika bustani moja. Mashine ilikuwa inajirekebisha kwa kila picha peke yake. Ilibidi tumbembeleze fundi azichapishe zote kwa kipimo kimoja, na fundi mmoja (hatutaji studio) alituambia waziwazi kwamba hana wakati wa mchezo huo. Tukamtafuta mwingine.

Msimu nao muujue. Jakaranda, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, hupaka Nairobi zambarau kuanzia Septemba kuelekea mvua za vuli, na maua yakidondoka una picha mbili kwa wakati mmoja, juu ya mti na chini kwenye nyasi. Bogenvilia nayo ni mgeni wa huko huko, na ina siri: ile rangi yake si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililojificha katikati. Ndiyo maana rangi yake hukaa wiki nyingi, na mpiga picha hana haja ya kukimbia.

Sasa turudi kwa yule ndugu wa nyuma na swali lake.

Picha ya ua moja inaonyesha ua. Haionyeshi liko wapi, limepandwa na nani, wala kuna nini kando yake. Picha pana haiwezi kuficha. Ukizungusha kamera katika bustani ya umma unapata maua, ndio, lakini unapata pia lango, ua la nyaya, kiti kilichovunjika, mzee aliyelala kivulini, mama muuza karanga, na ule ukuta mpya pale pembeni ambao mwaka jana haukuwapo. Hapo ndipo maua yanapokuwa jambo la maendeleo.

Fikirieni ile picha ya Nairobi ambayo kila mtu ameiona kwenye kadi na kalenda. Mpiga picha amesimama upande wa juu wa Uhuru Park. Mbele yake ni nyasi, maua na lile ziwa la mashua, nyuma ni majumba ya mji na KICC katikati. Hiyo ni panorama ya bustani ya umma, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo. Jumba la KICC lina ghorofa 28, basi pimeni wenyewe. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kwa ofisi nyingi, hapa na ng'ambo, akaenda kortini, akatukanwa hata bungeni. Hakunyamaza. Mpango ukaachwa. Wote tunaosimama pale juu na simu zetu tunapiga picha ambayo nusura isiwepo.

Miaka miwili baadaye, 1991, ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens. Bustani hiyo ndogo ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyepata mali wakati wa kujengwa kwa reli. Baraza la jiji lilitaka kujenga maegesho ya magari ya ghorofa. Jamaa ya Jeevanjee, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mstari wa mbele, walipinga pamoja na wananchi, na bustani ikabaki. Ukienda leo saa saba mchana utakuta karani amekula chakula chake pale na wahubiri wanabishana. Ingekuwa saruji na moshi.

Hizo mbili zilipona. Nyingi hazikupona. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini kote: viwanja vya michezo, kando za barabara, makaburi, na bustani pia. Kwa kawaida bustani haichukuliwi siku moja. Kwanza maua hayamwagiliwi maji. Halafu taka zinatupwa kwenye kona. Halafu watu wanaambiwa, hii si bustani, hii ni pori la wakora. Halafu mabati yanazungushwa usiku. Na wakazi wakisimama kulalamika wanaulizwa: mna hakika palikuwa na bustani hapo? Tuonyesheni.

Basi tunachowaomba ni kitu kidogo. Kila kikundi kichague bustani moja ya umma karibu nacho, hata ile ndogo ya mzunguko wa barabara. Chagueni mahali pamoja pa kusimama, penye alama isiyohama, kama jiwe la ukumbusho au ngazi za lango. Pigeni duara zima kutoka hapo, mara mbili kwa mwaka, wakati wa maua na wakati wa ukame. Picha moja ni pambo. Picha kumi kutoka mahali pamoja, kwa miaka mitano, ni kumbukumbu ambayo mtu mwenye mabati hataki kuiona.

Tusidanganyane, lakini. Picha si hati ya shamba. Uhuru Park haikuokolewa na picha, iliokolewa na watu waliokubali kugombana. Ukienda ofisini na picha peke yake utaambiwa ni nzuri, uiache hapo mezani. Iende pamoja na ramani kutoka ofisi ya upimaji, na mjue kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, kinachosema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti imeshikwa kwa niaba ya wakazi. Picha kazi yake ni kuwafanya wakazi wenyewe wajue walicho nacho. Wengi wetu hupita bustanini kila siku na hatujawahi kuiona yote kwa mara moja.

Na picha pana inaweza kusema uongo kuliko picha nyingine zote. Kitalu cha hatua kumi, ukikizungusha kwa karibu, kitaonekana kama mashamba ya Naivasha. Wauza viwanja na wenye hoteli wanajua sana ujanja huo. Kwa hivyo picha yenu iwe na kitu cha kupimia: kiti, mtu aliyesimama, baiskeli. Nyuma ya picha, au chini yake, andikeni mahali, tarehe, saa, na kinachoonekana kutoka kushoto kwenda kulia. Andikeni hivyo hata kama kila mtu anajua. Baada ya miaka ishirini hakuna anayejua. Chukueni City Park, iliyotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2009. Zungusha kamera kule na kati ya miti na kima unaweza kupata makaburi mawili, la Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965, na la Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Bila maandishi, mtoto atakayeiona ataona mawe tu.

Faili lenyewe lihifadhiwe jinsi lilivyotoka kwenye simu. Ukilituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida linapunguzwa, na tarehe na mahali vilivyoandikwa ndani yake vinapotea. Nakala moja iwe kwenye kompyuta, moja mahali pengine, na moja ichapishwe. Karatasi haiulizi chaji.

Mwisho ni adabu. Bustani ni ya umma lakini nyuso za watu si za umma. Mtu akiwa karibu, mwombe. Wale wawili waliojificha kwenye kiti cha mwisho, subirini waondoke, nanyi mnaelewa kwa nini. Mkiwa na stendi, nendeni ofisi ya bustani kwanza mkajieleze, kuliko kubishana na kanjo baadaye. Na mtunza bustani mwenye jembe asiondolewe kwenye picha eti anaharibu. Mwacheni hapo hapo, kama amekubali, na jina lake liandikwe chini.

Jumamosi tutakutana kwa mazoezi, saa moja kamili asubuhi, si saa mbili. Kila mtu aje na simu iliyojaa chaji, kamba ya hatua kumi, kalamu na daftari. Wenye stendi waje nazo, tutaazimana. Mvua ikinyesha tutakuja vile vile, maua yaliyolowa yana rangi nzuri zaidi.